Mundu wa Meno: Kuutengeneza, Kuunoa na Kuutunza

Somo la toleo hili linahusu zana ndogo ambayo kila mkulima wa mpunga na ngano anaifahamu: mundu wa meno. Kamati nyingi za parokia zimewahi kununua miundu kwa ajili ya vikundi vya wakulima, na wafadhili wetu wengi wamechangia ununuzi huo. Lakini katika mazungumzo yetu na vikundi, jambo moja hujirudia. Msimu wa kwanza miundu hukata vizuri. Msimu wa pili hukata kwa shida. Msimu wa tatu imetupwa pembeni ya ghala, na kikundi kinaandika barua ya kuomba mingine.

Ukiuliza kwa nini miundu hiyo haikunolewa, jibu huwa moja: "Hii ina meno, hainoleki." Jibu hilo si kweli. Makali ya meno yananoleka, na yakinolewa vizuri mundu mmoja hutumika kwa misimu mingi. Tatizo ni kwamba mundu ulitolewa bila elimu yake. Tunaandika somo hili ili elimu hiyo ifike pamoja na chombo.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Mpunga hausubiri. Unatakiwa kuvunwa wakati sehemu kubwa ya punje, kama asilimia 80 hadi 85, zimekuwa na rangi ya majani makavu. Wakati huo punje huwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Ukichelewa, punje zinakauka mno, zinapukutika shambani, zinaliwa na ndege na panya, na zinazobaki huvunjika kinuni au mashineni.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), yenye makao yake Ufilipino, inakadiria kwamba kukata mpunga kwa mkono kunahitaji saa 40 hadi 80 za kazi ya mtu mmoja kwa hekta moja. Hiyo ni kama saa 16 hadi 32 kwa ekari. Kukusanya na kubeba mpunga uliokatwa kunahitaji watu wengine tena.

Hebu tufikirie mama mjane mwenye ekari moja na watoto wawili wa kumsaidia. Akiwa na mundu mkali, kazi ya kukata inaweza kuisha kwa siku chache. Akiwa na mundu butu, siku zinaongezeka, na kwa kila siku inayoongezeka mpunga unapukutika. Mundu butu pia hauukati mpunga bali huuvuta. Kila shina linapovutwa kwa nguvu, suke linatikisika na punje zinaanguka chini. Hivyo anapoteza mara mbili.

Ni kweli kwamba mashine za kuvunia zimefika katika skimu kubwa za umwagiliaji, kama zile za Mbarali nchini Tanzania na Mwea nchini Kenya. Lakini wakulima wengi wana vipande vidogo ambavyo mashine haifiki au gharama yake haiwezekani. Na mpunga ukilala kwa mvua au upepo, mkono wa binadamu bado unafanya vizuri.

MENO YANAFANYA KAZI GANI

Shina la mpunga ni laini juu na linateleza. Ndani yake kuna silika, yaani madini ya aina ile ile inayopatikana kwenye mchanga. Silika hiyo hula makali ya chuma. Kwa sababu hiyo mundu usio na meno unahitaji kinoo mara kwa mara, hata katikati ya kazi.

Mundu wa meno hufanya kazi kwa njia tatu:

1. Ncha za meno hushika shina lisiteleze.
2. Nguvu ya mkono hukusanyika kwenye ncha chache badala ya kutawanyika kwenye makali yote. Kwa hiyo mkono hautumii nguvu nyingi.
3. Sehemu iliyo kati ya jino na jino imejificha. Ncha zikianza kuchakaa, sehemu hiyo huendelea kukata.

Wazo hili ni la zamani sana. Kabla watu hawajajua chuma, wakulima wa Mashariki ya Kati na Misri walipachika vipande vya jiwe la gumegume kwenye mti au mfupa na kuvunia nafaka. Huko Uingereza, wahunzi wa vijiji vilivyo karibu na mji wa Sheffield walikata meno ya miundu kwa nyundo na tindo, jino moja baada ya jingine. Kazi hiyo haihitaji kiwanda kikubwa. Inahitaji mkono uliofundishwa.

JINSI MHUNZI ANAVYOTENGENEZA MUNDU WA MENO

Hata hapa kwetu uhunzi si jambo la kigeni. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, watafiti wamethibitisha kwamba watu walikuwa wakiyeyusha chuma miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Majembe na visu vya viwandani vilivyoletwa kutoka nje viliudhoofisha uyeyushaji huo, lakini ufundi wa kufua haujafa. Katika maeneo mengi bado yuko mhunzi mwenye mivukuto, fuawe na nyundo. Kamati ikimtembelea, itafaa ielewe hatua za kazi yake.

Hatua ya 1: Kuchagua chuma. Springi za gari zilizochakaa zinafaa sana, kwa kuwa chuma chake kinaweza kufanywa kigumu. Nondo ya kawaida ni laini mno na haitashika makali. Chuma chenye rangi ya bati (kilichopakwa zinki) kisitiwe motoni kamwe, kwa sababu moshi wake unaleta homa na kuumiza mapafu.

Hatua ya 2: Kufua umbo. Chuma hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha hufuliwa kuwa bapa na jembamba na kukunjwa kama mwezi mwandamo. Mkia huachwa mrefu ili uingie kwenye mpini.

Hatua ya 3: Kulainisha. Chuma hupashwa tena hadi kiwe chekundu, kisha hufukiwa ndani ya majivu makavu na kuachwa kipoe polepole usiku kucha. Bila hatua hii tindo haitaingia.

Hatua ya 4: Kukata meno. Mhunzi hulaza mundu juu ya fuawe na kupiga mikato midogo kwa tindo kali, kwenye upande mmoja tu wa bapa. Upande wa pili huachwa laini. Kila mkato huanzia kwenye makali na kupanda juu kwa kiasi cha sentimita moja. Kwa mpunga na ngano, mikato hukaribiana sana, kama milimita 1 hadi 2 kutoka mmoja hadi mwingine. Mikato hulazwa kidogo ili ncha za meno zielekee mpini, kwa kuwa mvunaji hukata kwa kuvuta kuelekea kwake.

Hatua ya 5: Kutengeneza makali. Upande laini hukatwa mteremko kwa tupa hadi ukaribie mikato. Makali yasifanywe membamba sana bado. Yaachwe na unene wa kama milimita moja ili yasiungue wala kupasuka motoni.

Hatua ya 6: Kufanya chuma kiwe kigumu. Mundu hupashwa moto hadi sumaku isishike tena, kisha huongezwa moto kidogo na kuchovywa ndani ya mafuta. Chuma cha springi kikichovywa kwenye maji baridi mara nyingi hupasuka. Mafuta yanaweza kuwaka, kwa hiyo kifuniko cha chuma kiwe karibu, na watoto wakae mbali.

Hatua ya 7: Kupunguza ugumu. Sasa chuma ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae. Mhunzi husugua sehemu ndogo hadi ing'ae, kisha hupasha mundu polepole kuanzia mgongoni akitazama rangi. Kwanza inakuja njano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Kwa mundu wa kunolewa kwa tupa, rangi ya kahawia inayoelekea zambarau inafaa. Akiishia kwenye njano, chuma kitakuwa kigumu mno na tupa itateleza juu yake.

Hatua ya 8: Kumalizia. Upande laini hunolewa hadi makali yakutane na mikato. Hapo ndipo meno yanapojitokeza yenyewe.

Tafadhali soma hatua ya 8 mara mbili, kwa maana humo ndimo siri yote ya kunoa ilimo. Meno yanazaliwa pale mteremko wa upande laini unapokutana na mikato ya upande wa pili. Kwa hiyo meno yakichakaa, kinachotakiwa ni kunoa upande laini tena, na meno mapya yatajitokeza. Mradi mikato bado ipo, mundu haujafa.

UJUE MUNDU WAKO KABLA YA KUUNOA

Miundu mingi inayouzwa madukani nayo ina mikato upande mmoja. Ili kuujua upande huo, pitisha ukucha polepole kwenye bapa karibu na makali, ukielekea kutoka ncha hadi mpini. Upande unaokwaruza ndio wenye mikato. Upande unaoteleza ndio wa kunoa.

Kosa linaloua miundu mingi ni kupiga tupa upande wa mikato. Tupa ikipita huko, mikato inafutika, na mundu unageuka kuwa mundu wa kawaida wenye makali mabaya. Hapo ndipo watu wanaposema hainoleki.

Ipo miundu mingine ambayo meno yake yamekatwa kama ya msumeno, yaani nafasi zake zinaonekana pande zote mbili. Hiyo hunolewa kwa tupa ndogo ya pembe tatu, jino moja baada ya jingine, kwa kufuata mlalo ule ule wa mwanzo. Kazi hii ni ya polepole, lakini inawezekana.

HATUA ZA KUNOA MUNDU WENYE MIKATO UPANDE MMOJA

Vifaa: tupa bapa yenye meno madogo, kinoo, brashi ngumu, kitambaa, mafuta kidogo na kipande cha mti laini.

1. Osha mundu na uondoe utomvu na kutu kwa brashi. Mikato iliyoziba haikati.
2. Laza mundu juu ya gogo au benchi, upande wa mikato ukiwa chini. Ubane vizuri usicheze. Usinoe mundu ukiwa umeushika hewani.
3. Tazama mteremko wa zamani na ulaze tupa juu yake. Usiinue tupa, kwani makali yatakuwa manene na meno hayatatokea.
4. Sukuma tupa kwa mwendo mmoja, kisha uinyanyue unapoirudisha. Tupa inakata ikienda mbele tu, na ukiikokota kurudi unaiharibu.
5. Anzia karibu na mpini na uendelee hadi ncha. Hesabu mipigo ili kila sehemu ipate sawa.
6. Simama utakapohisi ukingo mwembamba wa chuma umekunjika kuelekea upande wa mikato. Hiyo ni dalili kwamba umefika kwenye makali.
7. Malizia kwa kinoo chenye maji, upande ule ule laini. Kisha kata mara moja au mbili kwenye mti laini ili ule ukingo uliokunjika udondoke.
8. Jaribu kwa kukata bua kavu. Usijaribu kwa kidole gumba.
9. Futa, paka mafuta, na utundike mahali pakavu.

Tunashauri mtu asitumie mashine ya umeme ya kusagia kama hana uzoefu. Mashine hiyo hupasha moto makali kwa haraka. Ukiona rangi ya buluu imetokea, jua kwamba chuma cha sehemu hiyo kimelainika na hakitashika makali. Kama ni lazima itumike, iguse kidogo kidogo na mundu uchovywe majini kila mara.

VISU VYA MENO VYA JIKONI

Vikundi vya akina mama wanaooka mikate, na majiko ya shule na seminari, hutumia visu vya mkate vyenye meno. Kanuni yake inafanana, lakini upande wa kunoa ni mwingine. Kisu cha mkate kwa kawaida kina mabonde ya duara yaliyochongwa upande mmoja, na upande wa pili ni bapa. Hapa tunanoa ndani ya mabonde, kwa tupa laini ya duara au kijiti cha kunolea kilicho chembamba kuliko bonde. Kila bonde lipewe mipigo michache iliyo sawa. Baadaye upande bapa ulazwe juu ya kinoo na kusuguliwa kidogo tu, ili kuondoa ukingo uliokunjika. Kisu cha namna hii hakihitaji kunolewa mara nyingi, mradi kisikatiwe juu ya sahani au bati.

USALAMA

Mundu mkali uliofundishwa matumizi yake ni salama kuliko mundu butu, kwa sababu butu hulazimisha nguvu na huteleza. Hata hivyo:

- Mhunzi na msaidizi wake wavae miwani ya kukinga macho wanapopiga tindo.
- Tupa isitumike bila mpini wa mti. Mkia wa tupa unaweza kutoboa kiganja.
- Mvunaji ashike mashina juu ya mahali anapokata, na mundu upite chini ya mkono.
- Mundu ubebwe ukiwa umefungwa kwa gunia au kipande cha mpira wa baiskeli.
- Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, libanwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe zahanati. Aulizwe kama amepata chanjo ya pepopunda.

NENO LA MUNGU

Tusome 1 Samweli 13:19-22. Wakati wa mfalme Sauli hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli, kwa kuwa Wafilisti hawakutaka Waebrania wajitengenezee silaha. Kila mkulima aliyetaka kunoa zana zake za shamba ilimbidi ashuke kwa Wafilisti na kulipa. Waisraeli walikuwa na mashamba, walikuwa na zana, lakini hawakuwa na mtu wa kuzinoa. Hivyo kila msimu walibaki mikononi mwa wengine.

Tusome pia Mhubiri 10:10. Mwandishi anatuonyesha kwamba chombo kisiponolewa, mtu hulipa kwa nguvu za mwili wake, lakini hekima humfaa mtu katika kazi yake. Tunajiuliza: je, sisi tunaowapelekea wakulima miundu bila tupa na bila mafunzo, hatuwaachi katika hali ile ya siku za Sauli?

KAMATI IFANYE NINI

1. Hesabuni miundu yote mliyo nayo kabla ya kuomba mingine. Itengeni katika mafungu matatu: inayokata, inayonoleka, na iliyokwisha mikato.
2. Chagueni watu wawili katika kila kigango, mwanamke na mwanamume, wafundishwe kunoa.
3. Mtafuteni mhunzi wa eneo lenu mfanye naye makubaliano ya maandishi. Alipwe haki yake kwa kazi na kwa kufundisha. Kazi ya kanisa isiwe sababu ya kumpunja fundi.
4. Wekeni siku ya kunoa wiki mbili kabla ya mavuno, kila mtu alete mundu wake. Mchango mdogo wa kila mtu ununue tupa na vinoo vipya.
5. Andikeni katika daftari: mundu umenunuliwa lini, umenolewa mara ngapi, na kwa nini umeachwa.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapopokea taarifa, msiulize tu ni miundu mingapi imegawiwa. Ulizeni ni mingapi bado inakata katika mavuno ya tatu. Na katika kila bajeti ya zana, tengeni fungu la tupa, vinoo na ujira wa mhunzi. Fungu hilo ni dogo, lakini bila hilo fungu kubwa linapotea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, nani anajua kunoa mundu wa meno? Amemfundisha nani?
2. Ni zana gani nyingine tumezitupa kwa kudhani hazitengenezeki?
3. Mhunzi wetu anaheshimiwa kama fundi, au anadharauliwa? Vijana wetu wanaweza kujifunza kwake?
4. Ni nani katika jumuiya zetu ndogo ndogo anayevuna peke yake na kuchelewa? Siku ya kunoa itamsaidiaje?

Kamati zitakazofanya siku ya kunoa tunaziomba zituletee taarifa fupi kutoka kwenye daftari lao baada ya mavuno, ili vikundi vingine vijifunze. Bwana abariki kazi ya mikono yenu.